Elimu ya Mfinyanzi Magdalene Odundo

Neno kufinyanga lahusu kukanda na kuumba udongo. Gurudumu halimo ndani yake. Hata hivyo, katika ufinyanzi wa vyuo vya Uingereza vya karne ya 20 gurudumu lilipewa heshima kubwa. Elimu ya Bibi Magdalene Odundo yaonyesha jinsi mfinyanzi mmoja alivyopita katika vyuo hivyo, akafika tena kwenye maana ya neno.

Bibi Odundo alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950, akasoma Kenya na India, kisha akajifunza kuchora matangazo ya biashara. Mwaka wa 1971 alikwenda Cambridge kuiendeleza kazi hiyo, lakini huko udongo ulimvuta, naye akaingia chuo cha sanaa cha Farnham.

Aliyemwelekeza Afrika alikuwa Mwingereza, Michael Cardew, ambaye zamani alianzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria, mji uitwao Suleja siku hizi. Bibi Odundo alipofika huko mwaka wa 1974, walimu wake walikuwa wanawake wa Kigwari, mashuhuri kati yao akiwa Ladi Kwali. Hawa hujenga mtungi kwa mikanda ya udongo, mmoja juu ya mwingine. Mtungi hutulia mahali pake. Mfinyanzi ndiye auzungukaye.

Aliporudi Uingereza alimaliza masomo ya Farnham mwaka wa 1976, akafundisha London, kisha akasoma Royal College of Art tangu 1979 hata 1982. Vyombo vilivyompatia jina havikutoka kwenye gurudumu. Huvijenga kwa mkono, huvisugua mpaka ving'ae, wala havipaki rangi ya kioo. Vikichomwa katika tanuri lenye hewa ya kutosha, huwa vyekundu. Vikichomwa tena kwa moshi na hewa haba, huwa vyeusi. Udongo ni ule ule.

Methali yasema, mfinyanzi hulia gaeni: atengenezaye vyombo vya wengine hubakiwa na kigae. Ladi Kwali hakusoma shuleni. Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari mwaka wa 1977, lakini mwanafunzi wake alikuwa amekwisha kuutambua ujuzi huo miaka mitatu kabla. Atakayeandika habari za elimu ya Bibi Odundo kwa kuorodhesha vyeti peke yake atakuwa amewaacha nje walimu waliomfundisha kufinyanga.