Vitamini D ya Hospitali na Kiu Isiyokatika

  

Leo tunazungumza kuhusu dawa ya vitamini D ambayo daktari humwandikia mtu ambaye kalsiamu imepungua kwenye damu yake. Najua kuna atakayeuliza: vitamini D si ndiyo ile ya jua? Na jua la Turkana, nani analikosa?

Ni swali zuri. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, ni kweli. Lakini mtoto anayefunikwa shuka na kushinda ndani ya nyumba mchana kutwa halipati jua hilo, na mama anayejifunika mwili mzima akitoka hulipata kidogo tu. Tena vitamini D kazi yake ni kusaidia utumbo kufyonza kalsiamu iliyo kwenye chakula. Mbuzi wakikauka maziwa kwa ajili ya ukame, itafyonza nini? Kule Nigeria, ambako jua halikosekani, utafiti uliochapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba watoto wenye matege waliopewa kalsiamu walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Kwa hivyo maziwa ya mbuzi au ya ngamia, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, bado vina kazi nyumbani hata kama dawa ipo.

Kuna wengine ambao shida yao si chakula wala jua. Mgonjwa wa figo ni mmoja wao. Mwingine ni mtu aliyefanyiwa upasuaji wa goita, ule uvimbe wa shingo. Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele, vinavyolinda kiasi cha kalsiamu kwenye damu. Vikiumia wakati wa upasuaji, kalsiamu hushuka. Vidole na midomo huchomachoma kama sindano, mikono hukakamaa, na ikizidi mtu hupata degedege. Mtoto mchanga anaweza kuanza na degedege moja kwa moja. Hayo ni mambo ya kukimbia hospitali hata usiku.

Mtu wa namna hii huandikiwa vitamini D yenye nguvu, kama alfakalsidoli au kalsitrioli, mara nyingi pamoja na vidonge vya kalsiamu. Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Nilimhudumia mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha, ambaye alikuwa amepasuliwa goita. Dawa ilimfaa, vidole vikaacha kuchomachoma. Siku moja vikaanza tena kidogo, naye badala ya kurudi kupimwa damu akajiongezea kidonge. Kesho yake akaongeza kingine. Baada ya wiki chache akawa anakunywa maji kutwa, haja ndogo kila mara, choo kigumu, chakula hakitaki. Majirani wakamwambia ni joto. Kwetu hapa nani hana kiu? Alipoletwa kituoni alikuwa anatapika na anaongea maneno yasiyoeleweka. Damu ilipopimwa, kalsiamu ilikuwa imepanda kupita kiasi. Alitiwa maji ya mishipa akapelekwa hospitali kubwa, na nashukuru alipona. Kalsiamu ikikaa juu muda mrefu huharibu figo na kuleta mawe ndani yake.

Sasa mama, utatofautishaje kiu ya jua na kiu ya dawa? Angalia mkojo. Mtu aliyekaushwa na jua hukojoa kidogo, mkojo wa rangi iliyokolea, na akinywa maji kivulini hupata nafuu. Aliyezidiwa na kalsiamu hunywa na kunywa, na mkojo ni mwingi, mweupe kama maji, hata usiku. Ukiona hivyo, au kufunga choo, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, usimeze dozi nyingine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na pakiti ya dawa mkononi. Usingoje tarehe ya kliniki.

Na vidole vikianza kuchomachoma, usiache dawa wala usijiongezee. Nenda upimwe damu. Najua kutoka Kakuma hadi Lodwar ni karibu kilomita 120 na nauli si mchezo, kwa hivyo uliza kwanza kituo cha karibu kama wanaweza kuchukua damu. Ukisahau dozi, meza inayofuata kwa saa yake. Usimeze mbili pamoja.

Soma pakiti kila unapopewa mpya. Alfakalsidoli ina vidonge vya mikrogramu 0.25 na vya mikrogramu 1, na hicho cha pili kina nguvu mara nne. Kama rangi au umbo limebadilika, muulize anayekupa kabla hujaondoka dirishani. Mimi sioni aibu kuulizwa, naona raha.

Matone ya watoto ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Mtoto mchanga kwa kawaida huhitaji yuniti 400 kwa siku. Kuna chupa ambayo yuniti hizo ziko ndani ya tone moja, na nyingine ziko ndani ya mililita nzima. Nyanya akitumia kifaa cha chupa ya zamani kwa dawa mpya, mtoto amezidishiwa. Mwaka wa 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hilo hilo, kwa hivyo si ujinga wa mtu wa kijijini. Tumia kifaa kilichokuja na chupa hiyo, na mtu mmoja nyumbani ndiye awe mpaji.

Tena msichanganye na vitamini A, ile ya kapsuli ya bluu au nyekundu ambayo mtoto hudondoshewa mdomoni kila miezi sita. Hiyo ni nyingine kabisa, wala haichukui nafasi ya D.

Mwambie daktari dawa zote unazotumia: za kifafa, za presha zinazoongeza mkojo, za kiungulia, na kama una mimba au unanyonyesha. Vidonge vya damu vya mama mjamzito vitenge na kalsiamu kwa saa mbili hivi, maana vikikutana tumboni kimoja humzuia mwenzake.

Dawa ikae pakavu penye kivuli, mbali na mabati, na juu ambapo mtoto hafiki. Wiki ijayo tutaendelea na lishe ya mtoto anayeanza kula. Kwaherini.