Mvua ya Mawe Kusini mwa Ziwa Victoria

Dhoruba ya radi huanza pale hewa yenye joto na unyevu inapopanda juu kwa kasi. Mikoa ya Shinyanga na Geita huwa na hewa hiyo kwa wingi kati ya Oktoba na Mei. Ukanda wa mvua, yaani eneo ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hulifuata jua: hushuka kusini mwishoni mwa mwaka, kisha kuanzia Machi huanza kurudi. Mjini Shinyanga jua la utosi hupita mara mbili, mwanzoni mwa Oktoba na kabla ya katikati ya Machi, na mbuga zilizokatwa miti huchemka. Unyevu mwingi hutoka Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800.

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kuingia Geita na kusini zaidi. Ukikutana na pepo za mashariki, hewa haina pa kwenda ila juu. Ndiyo sababu mawingu mengi ya radi huvimba alasiri, na yaliyokomaa huweza kuendelea kupiga hadi usiku.

Hewa inayopanda hupoa. Mvuke wake hugeuka matone, na badiliko hilo hutoa joto linaloisukuma hewa ipande zaidi. Kwenye kimo cha kilomita 5 hivi kutoka usawa wa bahari ndipo baridi ya kuganda huanza. Wingu lenye nguvu huuvuka mpaka huo na kuweza kufika kilomita 16. Humo ndani punje za barafu hurushwa juu na upepo, na maji yaliyopoa kupita kiasi bila kuganda huzigusa na kuganda papo hapo. Jiwe kubwa la mvua likipasuliwa katikati huonyesha pete za barafu, nyeupe na nyangavu, zikizungukana.

Mwinuko nao una sehemu yake kubwa. Kahama, mkoani Shinyanga, iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mawe huanguka chini ya kilomita 4 tu katika hewa ya joto. Jijini Dar es Salaam huanguka karibu kilomita 5, na mengi huyeyuka njiani.

Mvua na barafu zinaposhuka huivuta hewa na kuipoza. Hewa hiyo nzito hugonga ardhi na kutawanyika kwa kishindo, na ndiyo ing'oayo mabati. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo wa namna hii ilipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, na kuua watu zaidi ya 40. Barafu peke yake isingeua wengi hivyo. Kuta za udongo zililoa, zikawaangukia waliolala.

Kugongana kwa barafu ndani ya wingu hutenganisha chaji za umeme, na zikizidi radi hupiga, ikiipasha hewa joto la nyuzi 30,000 hivi. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 wa shule moja ya msingi mkoani Geita. Dhahabu iliyo katika ardhi ya Geita haiiti radi. Radi hutafuta kilicho kirefu: mti, mlingoti, au mtu aliyesimama peke yake mbugani.

Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu hatari nyingine ni maji. Udongo uliolowa hushindwa kujishikilia hata penye matimba, yaani nguzo za mbao, na duara, yaani shimo la kuchimbia, huporomoka. Januari 2024, katika mkoa jirani wa Simiyu, zaidi ya watu 20 walifukiwa na kufa mgodini Ng'alita, wilayani Bariadi, kipindi cha mvua kubwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada jijini Mwanza inayofuatilia mawingu ya ukanda huu, na tahadhari zake husomwa redioni. Anayezikosa ahesabu mwenyewe: sauti hutumia sekunde 3 kwa kila kilomita. Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30 kupita tangu mmweko, watu watoke duarani na mashambani, waingie kwenye jengo imara, wakae humo dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.