BIBI ANALOWA JASHO USIKU: NI HOMA AU NI DAWA?

Saa nane usiku. Unasikia Bibi anafungua dirisha, anajipepea kwa kanga, gauni limelowa jasho. Asubuhi mama anasema ni malaria, shangazi anasema ni presha. Anapimwa malaria, hana. Lakini kumbuka, mwaka jana Bibi alikatwa titi kwa sababu ya saratani, na tangu hapo anameza kidonge kimoja kila siku. Je, unajua kidonge kile kinafanya kazi gani?

Saratani nyingi za matiti, hasa kwa akina mama wenye umri mkubwa, hukua kwa msaada wa homoni ya kike iitwayo estrojeni. Daktari hulijua hilo kwa kupima kipande cha uvimbe maabara. Ikiwa ndivyo, mgonjwa hupewa tiba ya homoni. Usidhani anaongezewa homoni, la! Anazuiliwa.

"Lakini Bibi si alishakoma hedhi zamani?" Swali zuri. Ovari zimestaafu kweli, ila sehemu nyingine za mwili, hasa mafuta, huendelea kutengeneza estrojeni kidogo. Hiyo kidogo inatosha kuziamsha chembe za saratani zilizojificha baada ya upasuaji. Tamoksifeni huikalia nafasi ya estrojeni kwenye chembe, ikifika inakuta kiti kina mtu. Anastrozoli na letrozoli huzuia isitengenezwe. Dawa hizi humezwa kwa miaka 5 au zaidi. Kwa saratani ya aina hii, miaka 5 ya tamoksifeni hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Si kitu kidogo hicho.

Sasa kasheshe ni maudhi yake. Estrojeni ikizuiliwa, mwili unashtuka: joto la ghafla usoni na kifuani, jasho, usingizi wa mang'amung'amu. Anayemeza anastrozoli au letrozoli huweza kuamka viungo vimekakamaa, vidole vinauma, hata kukamua nguo hawezi. Ninyi mnasema "uzee huo." Yeye anasema titi limekwisha kukatwa, vidonge vya nini tena? Anaanza kuvificha kwenye kopo la majani ya chai. Hapa ndipo hatari ilipo, maana ukimwuliza kama amemeza, atakujibu "ndiyo, mjukuu wangu."

Usimgombeze. Mtu anayeumwa vidole kila asubuhi hadanganyi. Mwambie daktari anaweza kumbadilishia dawa au kumpa ya kutuliza, lakini asiache mwenyewe kimyakimya. Kwa joto, nguo nyepesi za pamba zinasaidia, na usiku apunguze pilipili na chai ya moto. Kwa viungo, mtoe mkatembee kidogo kila siku. Miti shamba? Daktari aambiwe kwanza, kwani baadhi hugombana na dawa.

Anastrozoli na letrozoli pia hupunguza uimara wa mifupa, na Bibi akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Kwa hiyo ile ndoo unayoiacha njiani kuelekea chooni, iondoe leo. Maziwa na dagaa viwepo kwenye chakula chake. Muulizeni daktari kama anahitaji kupimwa mifupa.

Yapo mambo mawili ambayo si maudhi tena, hasa kwa anayemeza tamoksifeni. La kwanza ni damu kuganda kwenye mishipa: mguu mmoja unavimba, unauma, una joto, au anabanwa pumzi ghafla na kifua kinauma. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, msingoje kesho. La pili ni kutokwa damu ukeni wakati alishakoma hedhi, hata tone moja. Tamoksifeni huongeza kidogo uwezekano wa saratani ya mfuko wa uzazi, na ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi.

Najua, utamwulizaje Bibi jambo kama hilo? Bahati nzuri bibi na mjukuu ni watani. Mama hathubutu, lakini wewe unaweza kuanza kwa mzaha, "mke wangu, mbona siku hizi huniambii siri zako?" Akiona haya kukujibu wewe mvulana, mwombe dada au shangazi akae naye. Kisha chukua daftari, andika dalili na tarehe zake, na siku ya kliniki liende pamoja na pakiti za dawa zake zote, hata zile za presha.