Zebaki na Marudio ya Dhahabu: Kuchemsha Maji Hakutoshi

Siku zote tumewahimiza kuchemsha maji ya kunywa. Kwa kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, ushauri ni ule ule. Lakini ninyi mnaokaa karibu na machimbo ya dhahabu, kama kule Geita, mjue kwamba moto hauondoi risasi wala aseniki. Hizo si vijidudu. Maji yakipungua sufuriani, sumu hubaki na kukolea. Klorini nayo haisaidii.

Mawe yakishasagwa kwenye karasha, wachimbaji huchanganya unga wake na maji na zebaki ili kunasa dhahabu. Mchanga unaobaki, wenyewe huuita marudio, huwa na zebaki iliyopotelea humo, na mara nyingi mawe yenyewe yana aseniki au risasi. Mvua ikinyesha, marudio huteremka mpaka visimani, mitoni na kwenye mashamba ya bondeni. Ndani ya tope, vijidudu huigeuza zebaki kuwa ya aina kali zaidi, ikaingia kwa samaki. Samaki wakubwa walao wenzao huwa nayo nyingi kuliko dagaa. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa huu uligunduliwa mwaka 1956 kutokana na zebaki ya kiwandani, akina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioharibika ubongo.

Baya zaidi ni kuchomea dhahabu jikoni. Mvuke wa zebaki hauna harufu, na mtoto aliye mgongoni huuvuta pamoja na mama. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mtu husahau na kuwa mkali, fizi huvimba, figo huharibika. Watu husema amelogwa, au ni pombe. Nao unga wa mawe usidharauliwe: Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi kwa sababu mawe ya dhahabu yalisagwa majumbani.

Basi chomeni mbali na nyumba, kwa chombo kilichofunikwa chenye bomba la kurudisha zebaki. Badilisheni nguo kabla ya kumpakata mtoto. Marudio yasisiribie nyumba, wala watoto wasiyachezee. Kisima kichimbwe upande wa juu wa mwalo, na maji yake yapelekwe kupimwa. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima metali hizi. Na mnapokuja hospitali, tuambieni kazi mnayofanya, hata kama hatukuuliza.