Nguvu za Mwindo hazina ngazi

Mwindo akipambana na Nkuba, nani atashinda? Je, Muisa angemweza Kirimu? Kila mwaka, somo la fasihi simulizi likifika kwenye tendi za Kiafrika, maswali haya yanazuka kwenye viti vya nyuma, na kipindi kikiisha yanahamia nje pamoja na wenyewe. Wengi wetu tumekua tukitazama Naruto na Dragon Ball. Humo mpiganaji ana kiwango chake cha nguvu, na katika Dragon Ball kuna hata kifaa cha kuvaa jichoni kinachosoma nguvu za adui kwa tarakimu. Basi tunaufungua utendi wa jirani zetu Wanyanga tukitafuta humo kifaa kile kile. Nimesikia nadharia tatu zikirudiwa sana, na kila moja ina watetezi wake wakali. Nitazieleza, kisha nitajaribu kuonyesha mahali ambapo matini yenyewe inazikatalia.

Kwanza matini. Wanyanga ni watu wa msitu wa Walikale, magharibi mwa Lubero. Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walimsikiliza msimulizi Candi Rureke katika kijiji cha Bese. Mateene alikuwa Mnyanga mwenyewe, na baadaye, akiwa mwanaisimu, aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Kampala. Rureke aliimba, akasimulia na kucheza ngoma kwa siku 12. Kitabu kilitoka California mwaka 1969, tafsiri ya Kiingereza na maneno ya Kinyanga yakiwa pamoja. Sisi tunasoma tafsiri na kuruka Kinyanga, hasara ambayo nitairudia.

Kisa kwa ufupi. Shemwindo, mwami wa Tubondo, ana wake saba. Anawatangazia kwamba wazae wasichana tu. Atakayezaa mvulana, mtoto huyo atauawa. Sita wanazaa wasichana. Wa saba, Nyamwindo, anakawia kujifungua, na mtoto akiwa bado tumboni, kuni na maji vinajileta nyumbani vyenyewe. Mtoto anatokea kwenye kidole cha kati cha mama yake, anacheka, anasema, anatembea. Mkononi ana conga, usinga wa mkia wa nyati. Ana pia tezo, na mfuko mdogo wa bahati wenye kamba ndefu ndani yake. Baba anamtupia mikuki, anakosa. Anamzika, mtoto anatoka. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, ngoma inaelea mpaka kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, bwana wa vilindi. Kutoka huko Mwindo anarudi kumtafuta baba, juu ya ardhi na chini yake.

Nadharia ya kwanza inasema: nguvu zote zimo katika usinga. Watetezi wake wana ushahidi mzuri. Kule kuzimu Muisa anaurusha mkanda wake wa kauri, karemba, nao unambana Mwindo chini hadi pumzi inamwishia. Hapo hakuna anayeuamuru usinga. Wenyewe unajitikisa juu ya kichwa cha bwana wake, naye anapiga chafya na kufumbua macho. Kwa lugha yetu ya darasani, usinga umekuwa kiima cha kitenzi bila kuombwa. Huku Afrika Mashariki tunajua pia kwamba usinga si wa kufukuzia nzi tu. Jomo Kenyatta hakuonekana hadharani bila wake, na hakuna aliyedhani nzi wa Nairobi ndio waliomsumbua.

Lakini soma kisa cha Sheburungu, mcheza kamari wa chini ya ardhi. Mwindo anacheza naye akiwa na usinga mkononi, anapoteza mali yake kidogo kidogo hadi hana kitu. Kama nguvu zimo ndani ya kifaa, kifaa hicho kilikuwa wapi muda wote huo? Bahati inageuka pale tu anapouweka usinga wenyewe kuwa dau. Tena angalia maadui. Kasiyembe, mlinzi wa Mukiti, anamtegea Mwindo mashimo yenye nyembe. Hajaribu hata mara moja kumnyang'anya usinga. Adui anayeijua fimbo ya uchawi angeanza na fimbo.

Nadharia ya pili: nguvu ni za kuzaliwa nazo, usinga ni alama tu. Hii ndiyo ninayoisikia zaidi kwa wenzetu waliosoma utendi wa Fumo Liongo, shujaa wa pwani ambaye mwili wake haudhuriki ila kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Liongo anabeba nguvu zake ndani ya ngozi, na siri ikishatoka, mwanawe mwenyewe anamaliza kazi. Mwindo hafanani naye. Kabla ya kwenda vitani Tubondo anapita kwa wajomba zake, Baniyana, ambao ni wafua chuma, nao wanamfulia vazi la chuma. Mtu asiyedhurika anataka vazi la chuma la nini? Na akifika kwa Muisa, anayemwokoa ni msichana mgonjwa, Kahindo, binti wa Muisa mwenyewe, anayemwonya mapema kwamba akipewa kiti akikatae na akipewa pombe aikatae. Mwindo anamwosha vidonda vyake. Bila maneno ya Kahindo safari ingeishia kwenye kile kiti.

Nadharia ya tatu ni ile ya ngazi, na ndiyo iliyonifanya niandike. Inapanga wahusika kwa namna hii: Kasiyembe chini kabisa, juu yake Mukiti, kisha Muisa, kisha Sheburungu, kisha Kirimu, dubwana linalomeza watu, na kileleni Nkuba, yaani Radi. Mwindo anapanda ngazi hiyo pambano kwa pambano mpaka anagonga dari. Ni nadharia safi, inachorika ubaoni, na mwanzoni inaonekana kuufuata mtiririko wa kisa.

Inavunjikia kwa Nkuba. Fuata mahali anapotajwa tangu mwanzo. Kule kwa Mukiti, Kasiyembe anamwita Nkuba aje ampasue Mwindo. Mwindo naye anamwita Nkuba huyo huyo na kumwambia aangukie kando. Radi inaanguka mara saba, na mara saba inaanguka kando. Baadaye nywele za Kasiyembe zinawaka moto, maji ya mitungi yanakauka, hata kilindi cha Mukiti kinakauka. Mbele ya Tubondo wajomba wanaangamia vitani, ndipo Mwindo anamwita Nkuba, naye anakigeuza kijiji kuwa majivu. Kufikia hapo yule wa kileleni anaitika kwa mtoto. Kisha, mwishoni, Mwindo anamuua Kirimu, na Nkuba anashuka na kumbeba juu angani. Amemkasirikia kwa sababu yeye na Kirimu walichanjana, walikuwa ndugu wa damu. Kule juu hakuna pambano lolote. Mwindo anavumilia baridi, mvua, jua, na anarudi nyumbani baada ya mwaka mzima akiwa amekatazwa kuua wanyama.

Nkuba hakuongezeka nguvu kati ya Tubondo na mwisho wa kisa, wala Mwindo hakupungukiwa. Kilichobadilika ni nani anamdai nani. Tubondo, Mwindo ni rafiki anayeomba msaada. Baada ya Kirimu, ni mtu aliyemwaga damu ya ndugu wa rafiki yake. Ukichukua swali hilo na kurudi nyuma, matukio mengi yanafunguka. Kahindo anasaidia kwa sababu ameoshwa. Wajomba wanafua chuma kwa sababu ni wajomba, na hilo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote wa huku kwetu. Sheburungu anashindwa pale Mwindo anapokiweka rehani kitu asichoweza kukipoteza bila kujipoteza. Katika utendi huu kuwa na nguvu ni kuwa na haki ya kuita na kuitikiwa, na haki hiyo inapatikana kwa ukoo, kwa urafiki, kwa deni. Haihifadhiki kama mafuta ndani ya dumu.

Kurasa za Kinyanga zinasema hivyo hivyo, na hapa ndipo hasara ya kuziruka. Chukua majina. She- ni baba wa, Nya- ni mama wa. Mwami wa Tubondo anaitwa Baba-wa-Mwindo tangu sentensi za kwanza, kabla hajaoa, kabla hajatoa amri yake ya wasichana tu. Msikilizaji wa Bese alijua tangu mwanzo kwamba amri imeshashindwa, kwa kuwa mtoto yumo ndani ya jina la anayemkataa. Na Mwindo ni jina la mvulana anayezaliwa baada ya wasichana. Sisi Wanande tuna Muhindo wetu kwa hali hiyo hiyo. Mtu asikimbilie kusema ni neno moja lililopoteza h, maana Kinyanga kimeitunza h katika Kahindo. Lakini desturi ya kumpa jina mtoto anayegeuza mfuatano ni moja.

Kisha jina la sifa: Kabutwa-kenda, kadogo kaliyezaliwa kakatembea. Hapo nimeandika Kiswahili cha Butembo makusudi, kwa kuwa Kiswahili sanifu kingesema kidogo kilichozaliwa kikatembea na kupoteza kitu. Ka- ni ngeli ya 12, ya vitu vidogo. Lugha zetu za milimani na msituni zinayo, Kiswahili chetu kimeichukua kutoka kwao, na shujaa anajitaja kwa ngeli hiyo kila anapojisifu mbele ya wakubwa. Mtoto aliyetoka kuichoma Tubondo bado anajipanga kisarufi pamoja na vijiti na vifaranga. Mpanga ngazi anaona hapo unyenyekevu au kejeli. Mimi naona dai: kadogo ni yule ambaye wakubwa wana wajibu kwake.

Neno kadogo huku kwetu lina historia nyingine, na siwezi kuliandika bila kuitaja. Tangu vita vya 1996 ni jina la watoto waliobebeshwa bunduki. Baadhi yao walinyunyiziwa maji ya mayi-mayi na kuambiwa kwamba risasi itageuka maji. Dawa hiyo ina ukoo mrefu: Kinjikitile Ngwale aliigawa kule Ngarambe mwaka 1905, vita vya Maji Maji vikaendelea hadi 1907; Simba wa 1964 walikwenda vitani wakipiga kelele za Mai Mulele. Kila mahali dawa inakuja na miiko: usile hiki, usiguse kile, usiibe, usigeuke nyuma. Na kila mahali kijana akianguka maelezo ni yale yale, alivunja mwiko. Maelezo hayo hayashindiki. Yanaiokoa dawa na kumlaumu maiti.

Linganisha na jinsi tunavyotetea nadharia zetu nje ya darasa. Mtu anasema usinga haushindwi. Unamtajia Sheburungu. Anajibu kwamba lazima kulikuwa na sharti ambalo Mwindo alilivunja kabla ya mchezo. Rureke hakutaja sharti lolote; msomaji amelitunga ili mfumo wake usimame. Kwenye manga jambo hilo halimdhuru mtu na ni sehemu ya raha. Lakini ni njia ile ile ya kufikiri, na katika mji huu tumeona kazi yake nyingine. Kwa hiyo nashikilia kwamba Rureke asomwe alivyosimulia. Kwake Mwindo akiangushwa na karemba, ameangushwa. Hakuna anayeambiwa kwamba alikula kitu kibaya asubuhi. Na katazo pekee zito analopewa, lile la Nkuba, halimpi kinga yoyote dhidi ya mkuki. Linawalinda wanyama dhidi yake.

Utendi huu hauna toleo moja tu. Biebuyck alichapisha masimulizi mengine ya Wanyanga mwaka 1978, na humo Mwindo hafanani kila mahali na huyu wa Rureke. Anayetaka orodha rasmi ya nguvu atalazimika kuchagua msimulizi, na msimulizi mwingine atamcheka.

Baki na Rureke, basi, na umtafute mtu ambaye hakuna mpanga ngazi aliyewahi kumpa daraja: Iyangura, shangazi. Hapigani na yeyote. Mwindo anaposhuka kuzimu, yeye anabaki juu ameshika ncha ya kamba. Ikiacha kutikisika, ajue mtoto amekufa. Maji ya Mukiti yanapokauka, ni yeye anayemsihi Mwindo, na Mwindo anayarudisha. Tubondo ikiwa majivu na washindi wamekaa peke yao katika kijiji kisicho na sauti, ni yeye anayeuliza kama wataishi hivyo, bila watu. Mwindo hajibu kwa hoja. Anachukua usinga na kuanza kuwafufua, mmoja mmoja.