Jiwe Lililokataliwa Lorraine

Mgodi wa mwisho wa chuma katika eneo la Lorraine, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, ulifungwa Audun-le-Tiche mwaka 1997. Mbale haikuwa imekwisha. Ilibaki nyingi mno chini ya vilima vile, na wachimbaji waliotoka shimoni siku hiyo walijua hivyo. Ila hapakuwa tena na tanuru lililoitaka.

Wenyeji waliiita mbale yao minette, jina la kudunisha, kama mtu anayesema "vijiwe". Ina chuma kadiri ya asilimia 30 tu, na fosforasi ya kutosha kumtia hasara yeyote aliyeiyeyusha bila maarifa. Fosforasi ni uchafu mkaidi. Ndani ya tanuru haielei juu pamoja na mavi ya chuma; karibu yote huzama kwenye chuma kilichoyeyuka. Feleji inayotokana nacho hupasuka kwenye baridi kali, na reli inayopasuka baridini haimfai mtu. Kwa hiyo mbinu ya Bessemer ya kutengeneza feleji, ya mwaka 1856, iliyowatajirisha wengine, haikuwafaa watu wa Lorraine.

Aliyewatoa kifungoni alikuwa karani wa mahakama jijini London, Sidney Gilchrist Thomas, akisaidiana na binamu yake Percy Gilchrist, mkemia wa kiwanda cha chuma huko Wales. Mwishoni mwa miaka ya 1870 walionyesha kwamba chombo cha kusafishia chuma kikijengwa ndani kwa matofali ya dolomiti, kisha kikatiwa chokaa, chokaa huinasa fosforasi na kutoka nayo kwenye mavi ya chuma. Mavi hayo yakasagwa na kuuzwa kwa wakulima kama mbolea. Jiwe halikubadilika hata chembe, lakini matanuru yalijengwa kuanzia Longwy hadi Hayange na kuvuka mpaka kuingia Luxembourg.

Basi mtu angedhani fosforasi ndiyo iliyokuja kuiua Lorraine. Sivyo. Hata Waaustria walipoanza kupuliza oksijeni tupu kwenye chuma kilichoyeyuka huko Linz mwaka 1952, njia iliyopendelea mbale isiyo na fosforasi nyingi, wataalamu wa Luxembourg waliirekebisha kwa kupuliza unga wa chokaa pamoja na oksijeni. Uchafu huo ulipata dawa mara mbili. Kilichokosa dawa ni ile asilimia 30.

Tani moja ya chuma inadai zaidi ya tani tatu za mbale ya namna hiyo. Ya asilimia 62 inadai tani 1.6 hivi. Ziada yote hiyo lazima ichimbwe, ibebwe, ipashwe moto na iyeyushwe, halafu imwagwe. Moto huo ni makaa ya koki, na koki ni ghali. Maumbile yaliwapa afueni moja: minette nyingine ilikuwa na silika na nyingine chokaa, kwa hiyo zikichanganywa vizuri ziliyeyushana zenyewe. Lakini mbale ile haikukubali kupepetwa. Chembe zake za chuma ni ndogo na zimeshikamana na uchafu kiasi kwamba kuzitenganisha kuligharimu kuliko faida yake.

Kwa muda mrefu umaskini huo ulifichwa na umbali, kwa kuwa mbale bora ilikuwa mbali na nauli ilikuwa kubwa. Kisha meli zikakua. Mwaka 1963 Mauritania ilianza kusafirisha mbale ya Zouérate, yenye zaidi ya asilimia 60 ya chuma, na karibu wakati huohuo kiwanda kipya kilianza kazi Dunkirk, ufukweni kabisa, kikipokea shehena moja kwa moja kutoka melini. Lorraine ndiyo kwanza imefikia kilele chake, zaidi ya tani milioni 60 kwa mwaka. Mwaka huohuo wa 1963, wachimbaji wa Trieux walikaa chini ya ardhi siku 79 kupinga kufukuzwa kazi. Nawaheshimu sana watu wale, na hakuna la kuwalaumu: mshindani wao hakuwa mchimbaji hodari kuliko wao, alikuwa jiwe lenye chuma maradufu.

Nayataja haya nikiikumbuka Liganga, mlima wenye mbale ya chuma wilayani Ludewa, Tanzania. Tukiizungumzia huwa tunaanza na tani. Mbale yake ina titani, ambayo ndani ya tanuru la kawaida huyafanya mavi ya chuma kuwa mazito, yasitoke vizuri. Ina vanadi pia, na vanadi ni mali. Thamani ya mlima ule itaamuliwa na tanuru litakalochaguliwa na gharama ya kuutenganisha uchafu na mali, na hesabu hiyo ningependa kuisikia kabla ya ile ya tani.

Lorraine, mashimo yalipoachwa, pampu zilizimwa na maji yakapanda. Oktoba 1996 ardhi ilititia Auboué, kuta za nyumba zikapasuka, familia zikahamishwa. Mahali pengi wachimbaji walikuwa wameacha nguzo za mbale zishikilie dari za migodi. Ni minette ileile ya asilimia 30, na mitaa mizima ingali imesimama juu yake.