Doti ya Sauti na Upepo wa Singida

Septemba 2025 Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa kumtangulia Mjerumani Amanal Petros sekunde 0.03 tu, nami nikajiandaa kwa maswali ya watu kuhusu mapafu na mioyo ya wakimbiaji. Yalikuja. Lakini swali lililonikaa ni la mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi wilayani Ikungi, anayefundisha netiboli na riadha: kwa nini kila Jumatatu huamka na sauti yake, na ifikapo Alhamisi amebaki na mkwaruzo?

Habari za magoti, mgongo na jua naziruka. Zimeandikwa vya kutosha. Kiungo kinachotaabika kuliko vyote katika mwili wa mwalimu huyu hakifiki hata urefu wa sentimita 2.

Tumezoea kusema “nyuzi za sauti”. Jina hilo linanikera, kwa kuwa humfanya mtu afikirie zeze, uzi uliokazwa ukingoja kupigwa. Ndani ya zoloto hakuna uzi. Kuna mikunjo miwili laini iliyolala mkabala, kila mmoja ukiwa na utando uliolegea juu ya msuli. “Mikunjo ya sauti” ni afadhali, ila mikunjo hata shati linayo. Mimi napendekeza doti ya sauti: ni vipande viwili, ni laini, na kimoja bila mwenzake hakifai kitu.

Anika doti ya kanga kwenye kamba mbili zilizokaribiana, hapo Singida, mwezi wa Juni. Upepo ukipenya katikati huzisukuma kanga zitengane. Zikishatengana, mvuto wa kitambaa huzirudisha, na upepo unaopita kwa kasi katikati huzinyonya, zinagongana, pah! Msukumo unajikusanya upya nyuma yake, zinaachana tena. Ukitazama vizuri utaona pindo la chini hutangulia kufunguka na la juu hufuata, wimbi likipanda kitambaani. Wimbi hilohilo hupanda kwenye doti ya koo, likiukata upepo wa mapafu vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo sauti. Ubongo hauagizi pigo hata moja! Husogeza tu kanga karibu, upepo ukamaliza kazi.

Sasa tuhesabu. Mwanamke akizungumza kawaida, doti yake hugongana kama mara 200 kwa sekunde. Dakika 10 za kuongea ndani ya kipindi ni migongano 120,000, na akipaza sauti idadi hupanda na kila pigo huwa zito zaidi. Kanga ingechakaa. Ya koo huvimba kwanza: majimaji hujaa chini ya utando, doti inakuwa nzito, sauti inashuka na kukwaruza. Hiyo ndiyo Alhamisi yake. Mwishoni mwa juma majimaji hunyonywa, Jumatatu sauti imerudi. Miaka ikipita hivyo, mahali pa mgongano huota sugu mbili zinazotazamana, kama za kiganja cha mwenye jembe. Doti haifungi tena barabara na pumzi huvuja. Mkwaruzo uliopita wiki 3 ni wa kuonyesha hospitali.

Upepo wa nje nao una sehemu yake. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujijua. Uwanjani Ikungi kelele ni upepo wenyewe unaovuma masikioni, na maandalizi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, huangukia kiangazi, hewa ikiwa kavu. Umbali ukiongezeka maradufu, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo. Na anayeita huku ameukabili upepo hupata hasara ya ajabu: upepo wa juu huenda kasi kuliko ule unaokwaruza nyasi, basi sauti hupinda kuelekea mbinguni, ikawapita watoto juu ya vichwa.

Mwalimu ananiambia hutafuna tangawizi. Haina neno, lakini kinachomezwa hupita njia ya chakula, nyuma ya doti, bila kuigusa. Maji huifikia kupitia damu, kwa hiyo ayanywe mapema, kabla ya kipindi. Amri za mbali aziachie filimbi na mikono. Na kwa kuwa upepo wa kiangazi huko hutoka zaidi mashariki, asimame upande huo wa uwanja, darasa liwe magharibi yake. Kofia itamlazimu, maana jua la saa kumi litampiga usoni.